Usufi Usioogopa Upepo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naam, ndivyo nilivyosema, na silirudishi neno langu. Mmekaa barazani kwangu tangu jua kuchomoza mnajiandaa kupanda mlima, na kazi mliyofanya mpaka sasa ni kubishana. Msellem anasema mfuko wa Nadhifa ni mwepesi kwa sababu una mikate tu. Nadhifa anasema Msellem amebeba hema, na hema ni kitambaa, na kitambaa si mzigo. Nami nikalitupa neno langu, mkanyamaza, halafu mkaanza kuniuliza nimelitoa wapi. Nimelitoa huko huko mnakokwenda. Methali hii ilizaliwa kwenye njia hiyo ya mlimani, kati ya msitu na mabonde. Wekeni mizigo chini niwasimulie. Mlima huu haujahama tangu utoke baharini na moto wake, hautahama leo kwa kuwa nyinyi mmechelewa.

Kwanza mjue maneno, maana nyinyi mnalalia magodoro ya dukani. Usufi ni ile pamba ya mti wa msufi, nyeupe, laini, nyepesi hata ukipiga chafya inahama chumba. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye magodoro na mito. Kanda ni mfuko mkubwa wa ukili, ule msuko wa majani ya mkindu. Basi kanda la usufi ni mzigo mkubwa kwa macho, lakini kichwani si kitu.

Hapa Mvumoni, upande wa mashariki, palikuwa na desturi moja ambayo haikuwako kwingine kisiwani. Mtu wa Jivuni, huko magharibi, akitaka kuoa kwetu, hakuruhusiwa kuja kwa chombo, ingawa kwa bahari safari ni fupi na mtu hulowa miguu tu. Wazee walisema aliyekuja na bahari huondoka na bahari. Ilimpasa aje kwa miguu, apande kutoka Jivuni, apite msituni, azunguke ukingo wa shimo la moto, ashuke mabonde mpaka huku, na kichwani mwake mwenyewe awe amebeba kanda la usufi wa godoro la arusi. Hawakutaka kumpima nguvu. Usufi unampima nani? Walitaka kumwona. Njiani mtu hajifichi. Akiwa mchoyo atajulikana chakula kikitolewa, akiwa mwoga atajulikana ukungu ukishuka, na mwenye hasira utamjua akijikwaa mara ya pili.

Kwa hiyo mjomba wa bibi arusi alikuwa akienda kumchukua na kutembea naye. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, na watu walimwita Jicho. Wakifika uani kwa mama wa binti, Jicho husimama mbele ya watu wote akasema neno moja: "Nimemwona." Hapo ngoma zinapigwa. Lakini Jicho akinyamaza, halafu akaomba maji ya kunywa, basi mambo yamekwisha, na bwana arusi anageuka na usufi wake. Ndiyo maana kila Jicho alikunywa maji kupita kiasi mtoni kabla ya kuingia mjini, asije akavunja ndoa ya watu kwa kiu.

Mwaka huo mchumba alikuwa Twaha, mkulima wa mihogo wa Jivuni, kijana mrefu, mwembamba, mwenye haya. Alikuwa amemwona Mwanarafa wa hapa kwetu siku moja tu, kwenye maulidi, akamwagia sheikh chai kwa kumtazama. Tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Chakula hakikupita, mihogo yake ikamezwa na magugu, na kila aliyekutana naye aliulizwa kama ametoka Mvumoni. Kama angemkosa Mwanarafa, sijui angekuwa mtu wa namna gani, na yeye mwenyewe hakujua.

Sasa, watu wa Jivuni nao wana desturi yao, na huku kwetu tulikuwa hatuijui. Kule mama humpa mkwe wake jiwe la kusagia la nyumba, lile jeusi lililochongwa kwenye mwamba wa mlima, jiwe mama pamoja na mtoto wake wa juu. Ni lazima lipelekwe na bwana arusi mwenyewe. Jicho la mwanamume mwingine lisilione njiani, wala yeye asilitaje, mpaka aliweke kwenye sakafu ya jiko la mkewe, huko anakohamia. Likionwa au likitajwa, wanasema, litasaga maneno badala ya nafaka, na nyumba hiyo haitapata siku ya amani.

Mnaona mambo yanakokwenda. Asubuhi ya safari Bi. Zalhata, mama yake Twaha, alifungua kanda, akatoa nusu ya usufi, akalitia jiwe katikati, akalifunika kwa usufi pande zote, akashona mdomo. Ukiligusa kanda lilikuwa laini kila mahali.

"Mama," Twaha alisema alipojaribu kulinyanyua, "mbona zito hivi?"

"Nami nilipolipokea lilikuwa zito. Sikufa."

"Na nikiulizwa nimebeba nini?"

"Umebeba usufi. Si uongo, usufi umo."

Nje walikuwa wakimngoja watu wawili. Jicho alikuwa Mzee Mdahoma, mjomba wa Mwanarafa, mtu mnene, mcheshi, mkono mmoja bakora na mkono wa pili kapu la chakula. Mwingine alikuwa Haidari, mume wa dada yake Mwanarafa, mtu wa upande wa kusini, aliyekuja kumsindikiza mzee. Haidari naye alikuwa ameipita njia hiyo mwaka uliotangulia na kanda lake mwenyewe, maana desturi ilimshika kila mgeni aliyeoa kwetu, na ndani yake hamkuwa na kitu ila usufi. Aliipita akipiga mluzi. Hilo la mluzi aliwaambia kabla hawajatoka mjini, na alilirudia kila kona.

Mwanzo wa njia si mbaya. Inapita katikati ya migomba na milangilangi, na udongo ni mweusi, laini. Lakini walipofika pale mlima unapoanza kusimama, shingo ya Twaha ilikuwa imeshazama mabegani, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mzee Mdahoma alimtazama, maana ndiyo kazi yake.

"Bwana arusi, unaumwa?"

"Hapana, mjomba. Ni hili jua."

Jua lilikuwa bado halijavuka mlima. Walikuwa kivulini, na Mzee Mdahoma alikuwa amejifunga shali kwa baridi.

Wakaingia msituni. Huko miti mikubwa imeota manyoya ya kijani, na matone hudondoka hata pasipo mvua. Njia ni nyembamba, mizizi imeivuka kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Kila walipopumzika, Twaha alitafuta mwamba wa kimo cha kifua chake, akalishusha kanda juu yake taratibu, kwa mikono miwili, akiwa amebana pumzi ili lisitoe kishindo.

"Mbona unaliweka kama mtoto aliyelala?" Haidari aliuliza. "Unaogopa kuuamsha usufi?"

Twaha alijichekesha kidogo, kwa adabu. Kisha akaingiza kichwa chini ya kanda na kuinuka, kwanza kwa nguvu za magoti, kisha za kiuno, kisha za mapenzi. Haidari alimpigia makofi.

Na Mzee Mdahoma je? Mzee Mdahoma alikuwa akila. Hawajakwenda mbali, anatafuta jiwe la kukalia, ananyoosha miguu, anatoa yai la kuchemsha, analimenya polepole kana kwamba anamvua mtoto nguo, analila. Wanainuka, wanatembea kidogo, anakaa tena: sasa ni kipande cha mkate wa kumimina. Aliwakaribisha wenzake, tena kwa moyo, lakini Twaha hakuweza kumeza kitu na Haidari hakuwa na njaa. Twaha alimtazama kwa jicho la pembeni. Moyoni alisema: kazi ya mjomba ni nzuri kweli. Mtu anatembea bila mzigo kichwani, anakula mayai, anatazama wenzake wakifa. Laiti na mimi ningezaliwa mjomba!

Walipotoka msituni wakafika ukingo wa shimo. Nyinyi mtapafika leo jioni, basi shikeni kofia zenu. Pale hakuna mti wala kichaka, ni mawe meusi tu yaliyowahi kuwa moto, na harufu ya kiberiti, na upepo ambao hauna mpinzani tangu pwani mpaka juu. Upepo uliijaza kanzu ya Mzee Mdahoma mpaka akawa mara mbili. Uliivua kofia ya Haidari kichwani na kuitupa shimoni, kofia nzuri, aliyoshonewa na mkewe kwa arusi. Lakini kanda la Twaha, kubwa kama lilivyokuwa, lilitulia juu ya kichwa chake. Halikuyumba hata kidogo.

Haidari alisimama, kichwa wazi, akalikodolea macho.

"Upepo huu umechukua kofia yangu," alisema, "na usufi wako umekaa tu kama uko msikitini."

"Usufi wa kwetu," alijibu Twaha, meno yamekutana, "umefunzwa adabu."

Mzee Mdahoma alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuwaza, na alichowaza hakikuwa kizuri. Mkwe mwenye mzaha si kitu kibaya. Lakini mkwe anayetoa roho kwa sababu ya pamba, huyo ni wa kumfanyia nini?

Upande huu wa mlima njia inashuka kwa ukali. Hapo Mzee Mdahoma akafanya jambo la ajabu. Aligeuka, akawa anashuka kinyumenyume, bakora yake ikipapasa nyuma na uso wake ukiwa juu kwa Twaha.

"Mjomba, utaanguka!" Haidari alimwambia.

"Jicho halimpi kisogo anayetazamwa," alijibu Mzee Mdahoma kwa sauti kubwa. "Nyinyi vijana hamjui heshima ya kazi."

Twaha akaona sasa anasimangwa waziwazi. Ya kutazamwa akiteseka ameyavumilia, lakini mtu kujigeuza mwili mzima ili asipitwe na hata tone la jasho! Aliuma midomo. Kokoto ziliteleza, akasimama, akashuka hatua moja, akasimama tena. Walipofika kwenye bonde la kwanza, lile lenye mianzi, alikuwa hawezi kutamka neno lolote lenye silabi zaidi ya mbili.

Mzee Mdahoma akakaa juu ya gogo. Safari hii hakutoa chakula kapuni.

"Kijana," alisema, "mimi sipendi kumficha mtu. Heri nikwambie hapa kuliko kukuaibisha mbele ya wanawake. Tukifika uani kwa dada yangu, nitanyamaza, kisha nitaomba maji."

Twaha alisimama na kanda lake kichwani. Macho yake yalifunguka, yakabaki hivyo.

"Nimekosa nini, mjomba?"

"Adabu unayo. Uchoyo sijauona. Lakini nikisema nimekuona, nitakuwa nimeona nini? Mtu anayeshindwa na usufi! Mabonde haya unayaona. Siku Mwanarafa akishikwa na uchungu wa uzazi mkiwa njiani kwenda Jivuni, au akiugua, nani atambeba? Wewe? Huyu mtoto nimemlea mimi baada ya baba yake kufa. Siwezi kumtupa."

"Nitambeba, mjomba. Wallahi nitambeba."

"Utambebaje? Kanda la usufi limekulaza! Hebu lete hapa nikuonyeshe mwanamume anavyobeba."

Twaha alirudi nyuma, lakini kwa shingo ile na miguu ile, mtu harudi nyuma kwa haraka. Mzee Mdahoma alikuwa ameshapanda juu ya gogo. Alinyoosha mikono yote miwili, akalinyakua kanda kwa nguvu ya mtu anayedhani ananyakua mto wa kulalia, akalipachika kichwani kwake.

Hakuanguka mara moja. Alishuka taratibu, mgongo umenyooka, uso umejaa mshangao, kama mtu anayekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Gogo likamwacha, ardhi ikampokea, kanda likamjia mapajani. Mianzi yote ilitikisika.

Mzee Mdahoma alilipapasa kanda pande zote; lilikuwa laini kila mahali.

"Twaha," alisema Mzee Mdahoma kutoka chini.

"Labeka, mjomba."

"Usufi huu ni wa mti gani?"

"Wa msufi, mjomba."

"Na msufi wenyewe umo humu ndani pamoja na mizizi yake?"

Haidari alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Akaja kumwondolea mzee kanda kwa mkono mmoja, huku akipiga mluzi wake. Aliuvuta mkono, mkono ukaja, kanda likabaki. Mluzi ukakatika katikati.

"Fungua nione," Mzee Mdahoma akasema.

"Siwezi, mjomba."

"Mimi ni Jicho. Nikitaka kuona, naona."

"Najua." Twaha alipiga magoti mbele yake. "Lakini nikifungua, nimevunja neno nililompa mama yangu, na nyumba yangu na Mwanarafa itaanza kwa neno lililovunjwa. Nisipofungua, utaomba maji na mimi nitageuka. Basi omba maji, mjomba. Mimi nitalifikisha kanda hili mlangoni kwake, hata kama nitaambiwa nirudi nalo hapo hapo."

Akaingiza mikono chini ya kanda, akalinyanyua kutoka mapajani mwa mzee kwa namna aliyokuwa akilinyanyua kutwa nzima, kwa magoti, kwa kiuno, akaliweka juu ya gogo. Kisha akampa mzee mkono ainuke.

Mzee Mdahoma aliushika mkono lakini hakuinuka. Alikunja uso.

"Umeumia, mjomba?"

"Nimeumia, lakini si leo." Alimtazama Twaha, kisha akamtazama Haidari. "Neno hili lisifike kwa dada yangu. Goti langu la kulia limekufa tangu masika ya mwaka juzi. Wakijua, kazi ya Jicho atapewa mdogo wangu, na yule hata mbuzi wake hawaoni mpaka waingie mchuzini."

"Lakini umepanda mlima wote!"

"Nimepanda nikikaa. Unadhani yale mayai nilikuwa na njaa nayo? La kwanza, ndiyo. Mengine nimeyala kwa sababu mzee hawezi kukaa chini kila hatua bila sababu, na sababu yangu ilikuwa mayai. Tumbo limejaa mpaka kooni. Na kushuka nikitazama mbele siwezi kabisa, goti linakataa, ndiyo maana nikashuka kinyumenyume."

Twaha aliinamisha kichwa. Aliona haya kwa yote aliyoyasema moyoni kuhusu mayai yale.

"Panda mgongoni, mjomba," alisema.

"Na kanda?"

Wote wawili wakamgeukia Haidari.

"Desturi inasema bwana arusi alibebe mwenyewe!" Haidari alisema upesi, akirudi nyuma.

"Desturi inasema Jicho lione," alijibu Mzee Mdahoma. Alivuta shali yake, akaifunga usoni mara mbili. "Jicho limefumba. Beba."

Basi walivuka bonde la kwanza, wakapanda, wakateremka la pili. Mbele alikuwa Twaha na mjomba mgongoni, mjomba mnene kama alivyokuwa, na mayai yake yote. Nyuma alikuwa Haidari na usufi. Twaha alitembea kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi. Mjomba anashika shingo, mjomba anajisogeza, mjomba anasema pole; jiwe halifanyi lolote kati ya hayo.

"Mjomba, wewe ni mwepesi," alisema, na alisema kwa dhati.

"Haidari yuko wapi?" aliuliza mzee aliyefungwa macho. "Simsikii akipiga mluzi."

Haidari alikuwa nyuma, midomo ikimcheza. Alikuwa akiongea na Mungu.

Mtoni walibadilishana. Mzee Mdahoma akafungua shali, akanywa maji mpaka akasikika akivuma ndani. Twaha akaweka kanda kichwani. Haidari akajilaza kifudifudi kwenye maji ya kina kifupi, na nguo zake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Uani kwa Bi. Mwanatumu, mama yake Mwanarafa, watu walikuwa wamejaa. Wapiga ngoma walikuwa tayari. Mzee Mdahoma aliingia akijikaza asichechemee, na watu wakanyamaza kungoja neno. Lakini Twaha hakusimama uani kama walivyosimama wengine wote kabla yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni na kanda lake, akaliweka sakafuni, katikati ya masufuria.

"Maskini, amepotea," wanawake walicheka. "Bwana arusi, godoro halishonwi jikoni!"

"Hapa ndipo mahali pake," alisema Twaha, akatoka akitweta, akasimama kando ya mjomba.

Bi. Mwanatumu alikuwa mwanamke wa kukata shauri haraka. Aliona kanda limetua vibaya, akaona mishono, akachukua kisu akapasua. Usufi ukaruka. Sauti ya kwanza iliyotoka jikoni ilikuwa chafya. Ya pili ilikuwa ukelele. Kisha Bi. Mwanatumu mwenyewe akatokea mlangoni, mweupe kichwa, mweupe nyusi, usufi umemshika mpaka kwenye vipini vya masikio.

"Jiwe!" alisema. "Jivuni wametuletea jiwe! Nusu ya godoro ni jiwe! Mwanangu mimi alalie jiwe?"

Uani pakazuka kelele. Wajomba wengine wakasimama. Twaha alifungua mdomo, lakini haya na uchovu vilimfunga ulimi, na kila mtu alimgeukia Jicho.

Mzee Mdahoma alipiga bakora yake chini.

"Nimemwona," alisema.

Wapiga ngoma hawakujua wapige au wasipige.

"Umemwona nini, Mdahoma?" Bi. Mwanatumu alimfuata mpaka puani, usufi ukimdondoka kila hatua. "Umetembea naye kutwa nzima, huna ulichobeba ila tumbo lako, hukuona kwamba mtu amebeba jiwe?"

"Sikuona, dada. Kwangu mimi lilikuwa kanda la usufi. Nilimcheka, nikamsimanga, nikakusudia kumnyima mke. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, dada yangu, mpaka ukuangukie mapajani." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akavuta kanzu juu ya goti. Lilikuwa limevimba kama shelisheli. "Na mimi nimetembea na hili. Muulize kijana aliona nini."

"Niliona kapu la mayai," Twaha alisema polepole.

Hapo ulimi wake ulifunguka, akaeleza habari ya jiwe, kwamba ni la mama yake, na la mama wa baba yake kabla ya hapo, na kwa nini hakuweza kulitaja njiani. Bi. Mwanatumu alimsikiliza. Aliingia jikoni, wakamwona akiinama kulijaribu jiwe kwa mikono miwili. Jiwe halikumjali. Akajaribu tena.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, sauti ya Mwanarafa aliyekuwa amekatazwa kusema siku nzima: "Mama, waambie wapige ngoma! Kama usufi wote umekwisha kichwani kwako, nitalilalia jiwe hilo hilo!"

Watu walianguka kwa kicheko. Wapiga ngoma walipiga bila kuambiwa na mtu. Haidari, aliyekuwa amejikongoja mpaka langoni akitiririka maji, alicheka akiwa amekaa chini kwa kuwa kusimama kulimshinda.

Lakini Bi. Mwanatumu hakucheka. Alikuwa bado amechuchumaa karibu na lile jiwe, akipitisha kiganja pale lilipolika kwa kusagia miaka na miaka. Alimwita Twaha kwa kidole.

"Mwanangu," alimuuliza, "na mama yako sasa anasagia nini?"

Twaha alilitazama jiwe. Njia nzima alikuwa amewaza uzito wa jiwe. Aliuwaza msituni, aliuwaza ukingoni, aliuwaza bondeni. Hakuwaza hata mara moja juu ya mwanamke aliyeshona kanda kwa mikono yake mwenyewe, akabaki jikoni kwake na mahali patupu sakafuni. Machozi aliyoyazuia mlima mzima yalimtoka hapo, mbele ya wanawake wote.

"Hata wewe, basi," Bi. Mwanatumu alisema kwa upole, akamfuta uso kwa upindo wa leso yake, na usufi mwingi ukabaki mashavuni mwa bwana arusi.

Unga wa kwanza uliosagwa na Mwanarafa kwenye jiwe lile haukuliwa hapa Mvumoni. Ulitiwa kwenye kanda lile lile, likajazwa mpaka mdomoni, na Twaha akaubeba kichwani kuvuka mlima mpaka kwa Bi. Zalhata. Waliokutana naye msituni walimuuliza amebeba nini, kizito au chepesi. Aliwajibu kwamba yeye hajui, wamuulize aliyesaga.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Msellem, Nadhifa, inukeni sasa mwende, ukungu haujashuka bado. Na mkifika kwenye bonde la mianzi, mtu asimwambie mwenzake: wewe huna ulichobeba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.